Farasi Mweupe Aliyekwenda Kaisho

Jumapili, 15 Juni

Farasi mweupe wa Mwalimu Projestus amepotea. Jana Jumamosi, hapa kwangu Ihanda, kati ya chakula cha mchana na wageni kuondoka. Asubuhi nilimpima kwa kalipa, koleo langu la kupimia: sentimita sita kutoka kitako hadi ncha ya sikio. Jioni nikakuta sanduku lina mfalme, malkia, askofu, ngome na askari. Kete tano za chesi. Nilikabidhiwa sita.

Sikwenda kanisani. Nimefagia karakana, nimechekecha maranda kwa chekecheo la unga. Nimepata nati ya baiskeli na hereni niliyoitafuta tangu Pasaka. Farasi hakuna.

Jana ilikuwa siku ya Fulgence, shemeji yangu. Wageni kutoka Kaisho walikuja kumposa binti yake. Kwake hakuna nafasi, shughuli ikaletwa kwangu. Sikuulizwa, niliambiwa. Benchi langu la kazi likafanywa meza ya sahani. Nani alilisogeza? Fulgence. Nani alifungua sanduku awaonyeshe wageni "vitu vya shemeji"? Fulgence. Mimi nilikuwa jikoni na ndizi.

Namshuku yeye. Naandika wazi.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemuuliza. Kacheka.

"Shemeji, kete moja tu! Si uweke kizibo cha soda?"

Hapo ndipo ninapochoka. Hapa kila mtu ni mchezaji wa drafti. Kete ya drafti ikipotea unaweka kizibo, kizibo kikipotea unaweka punje ya hindi, mchezo unaendelea. Chesi siyo hivyo. Na hata hivyo, ndivyo shule ya Mwalimu ilivyofika hapa ilipofika. Seti yao ya mbao ilikuwa kamili zamani. Zimebaki kete kumi na moja, nyingine ni vizibo. Farasi alibaki huyo mmoja. Ndiyo maana Mwalimu alinipa kete sita, moja ya kila aina, akasema: Editha, nitengenezee seti nane mfano wa hizi.

Seti nane, kete mia mbili hamsini na sita. Hesabu hiyo haikunitisha. Mfalme, malkia, askofu, ngome, askari, wote ni mviringo. Nafunga mti kwenye mashine, unazunguka, patasi inaingia, umbo linatoka. Nikipoteza mmoja wao nakereza mwingine kwa vipimo. Lakini farasi hazunguki. Ana uso, ana shingo, ana masikio. Huyo huchongwa kwa mkono, na mchongaji lazima ashike wa kumfuata. Nahitaji farasi thelathini na wawili. Ninao sifuri.

Nikikosa, walimu wa Karagwe na Kyerwa wataagiza za plastiki Mwanza, na mashindano ya shule yatachezwa kwa plastiki mwaka huu na miaka yote. Nusu ya kamati ya mashindano wanataka hivyo tayari. Mmoja aliuliza mbele yangu kama mwanamke wa kukereza tendegu za vitanda anajua chesi ni nini. Sikumjibu. Nilikuwa nataka kumjibu kwa kete.

Jumatano, 18 Juni

Siyo Fulgence.

Nilikuwa nimepiga magoti natazama chini ya kabati. Ma Adelina, mama mkwe wangu, yuko mlangoni anapukuchua maharage. Akauliza natafuta nini siku zote hizi. Nikamwambia.

"Aa. Yule ndama? Nilimpa Mzee Bartolomayo."

Alisema hivyo huku anaendelea na maharage.

Mzee Bartolomayo ni babu wa bwana harusi. Alikula, akanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, akaombea nyumba. Mkwe mkubwa kama yule hatoki mikono mitupu. Ng'ombe wetu wa mwisho aliuzwa nilipokuwa bado bibi harusi. Ma Adelina akatazama mezani, akaona ndama mdogo mweupe, kachongwa vizuri, kainamisha shingo. Akamchukua kwa mikono miwili, akampa mzee mbele ya watu, akasema, mkwe, ng'ombe wako huyu. Mzee akapiga makofi ya shukrani. Watu wakafurahi. Mimi nilisikia yale makofi jikoni! Nilidhani ni ya ndizi zangu.

Huyu mama hajaona farasi maisha yake yote. Mimi pia sijamwona, ila picha.

Nikasema nakwenda kumdai. Fulgence aliposikia alikuja mbio bila viatu. "Shemeji, usithubutu. Umpe mkwe ng'ombe halafu umfuate umnyang'anye? Si bora tuseme hatutaki posa?" Na ana haki. Nachukia akiwa na haki.

Nimemwomba radhi. Nusu.

Jumamosi, 21 Juni

Nimekwenda kwa Anselmi. Anakaa mgombani karibu na kisima, wazazi wake walitoka Rwanda zamani. Anachonga vyombo vya maziwa, na kwa kisu hakuna anayemkaribia hapa. Nilikuwa nimepatana naye tangu mwanzo: mimi vitako, yeye vichwa.

Nimempa picha ya farasi kwenye simu. Akaishika mbali, akaishika karibu, akaigeuza nyuma.

"Mama, mgongo wake uko wapi?"

Nikamwambia picha haina mgongo. Akatikisa kichwa. Anachonga kwa kidole gumba, anapapasa kitu kisha mkono mwingine unakifuata. Kioo cha simu hakipapasiki. Lakini kasema atajaribu wanne.

Mimi naendelea na zangu. Mti ni mibuni mizee tuliyoikata ili ichipue upya. Watu wanaichoma kuni. Mti wa mbuni mkavu ni mgumu, mweupe wa maziwa, haupasuki ukiukausha taratibu kivulini. Leo maaskofu. Nikishakereza nakata ule mkato wa kofia kwa msumeno mwembamba, mara moja tu, bila kurudia. Ma Adelina ananiambia askofu wake wa Rulenge hana kichwa kilichokatwa namna hiyo. Nikamwambia huyu ni wa Kilutheri. Akaridhika.

Jumanne, 24 Juni

Anselmi kaleta wanne.

Kwa ubavu ni farasi. Shingo, kidevu, manyoya, kila kitu kama picha. Kisha ukiwageuza wakutazame: ndama. Paji pana, pua nene yenye unyevu, masikio yamelala pembeni. Ndama wanne wazuri sana wananikodolea macho kwenye benchi langu.

Nimepiga kelele. Nimesema nimeomba farasi, siyo zizi. Akanisubiri nimalize.

"Mama Editha, mimi nimechunga ng'ombe tangu natembea. Mbele ya picha hakuna kitu. Nikaweka ninachokijua. Wewe umemwona farasi wapi, unieleze masikio yake yamekaaje?"

Karagwe nzima ukiuliza mbele ya farasi pakoje, nani atakwambia? Krismasi wanachora punda.

Sijalala vizuri. Hasira na njaa, na sikula kwa hasira.

Alhamisi, 26 Juni

Mwalimu Projestus kafika kwa bodaboda bila taarifa. Nilimwambia ukweli kabla hajaketi. Sijui kuzungusha maneno, na sitaki kujifunza.

Akasema alijifunza chesi kwa farasi yule yule, akiwa kidato cha pili, shuleni hapo hapo anapofundisha sasa. Nilijisikia vibaya kuliko kama angenifokea.

Kisha akaona wale wanne. Akamshika mmoja, akamgeuza, akacheka hadi akakohoa. Nami kidogo nicheke. Lakini alipomaliza kucheka akasema neno lake, na ni neno la haki. Umbo hili la mashindano siyo urembo. Mchezaji anatazama ubao mzima, saa inakimbia. Jicho lazima limjue farasi bila kuuliza. Mtoto wa Kaisho akijifunzia hizi, siku akienda kucheza Dodoma au nje ya nchi, akute kete zile zile. Mfalme mrefu kuliko wote na msalaba wake, malkia na taji la meno meno, askofu na mkato, ngome na kuta, askari na kichwa cha duara. Farasi awe farasi.

"Mashindano hayachezwi na ndama, mama."

Kamati inataka seti zote mezani tarehe tisa Julai. Nimemwambia zitakuwepo. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Akauliza na farasi wake je. Nikasema atarudi. Hilo pia sijui.

Jumapili, 29 Juni

Leo tumekwenda Kaisho kupeleka jibu la posa. Mimi, Fulgence, Ma Adelina na wazee wawili. Njiani nilikuwa na kalipa kwenye pochi. Nilipanga nimpime farasi kwa siri, nimchore mbele, nyuma, juu. Wizi wa macho.

Haikuhitajika. Na haikuwa mimi niliyepata njia, ilikuwa Ma Adelina. Jana usiku aliniuliza swali moja tu: ng'ombe wa mtu akitaka dume na kwake hakuna dume, anafanyaje? Nikasema anampeleka kwa jirani mwenye dume. Akasema basi, kisha akalala.

Kwa Mzee Bartolomayo tulipewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Mzee kavaa koti la suti. Mfuko wa juu una kitu. Najua ni nani. Alimtoa mwenyewe, akamweka juu ya kitambaa cheupe mezani, akawaonyesha wageni wengine: ng'ombe niliyepewa Ihanda huyu. Yupo mzima, hana hata mkwaruzo. Nilitaka kulia.

Ma Adelina akapiga goti.

"Mkwe wangu, waitu, mtu wetu, tumekuja na ombi. Huyu ng'ombe amefika umri. Kwetu Ihanda kuna dume. Tunaomba tumchukue apandwe, zizi lijae."

Fulgence akatazama mlango, nadhani alipima umbali. Mzee akatazama farasi, akamtazama Ma Adelina, akanitazama mimi na vidole vyangu vyenye gundi. Halafu akaanza kucheka polepole, kutoka tumboni.

"Zizi la wangapi?"

Nikajibu kabla sijafikiri: "Thelathini na wawili, baba."

"Hilo dume lenu!" Wazee wote wakacheka. Akaninyooshea mkono na farasi ndani yake. "Mchukue. Lakini nyumba yangu isikae bila ng'ombe zaidi ya Jumanne ya tarehe nane. Nitakuwa nasubiri."

Asante zangu za kuaga zilikuwa nyingi mno. Nilimshika farasi kwenye kiganja njia nzima. Fulgence aliomba ambebe kidogo. Nikakataa.

Alhamisi, 3 Julai

Anselmi alifumba macho nilipompa farasi Jumatatu. Alimpapasa paji, pua, nyuma ya masikio, akashuka na shingo. "Aa. Paji lake jembamba. Masikio yamesimama. Kumbe pua ina mfupa." Kama mtu aliyejulishwa kwa ndugu yake wa mbali.

Tangu siku hiyo wanatoka. Namkatia vipande vyenye umbo la ubavu kwa msumeno, namkerezea vitako, yeye anachonga barazani kwangu na mwenzake aliyekuja naye anasugua msasa. Jana nilimgeuza mmoja anitazame. Farasi. Akanitazama kama ananijua.

Weusi nawapika mwenyewe. Utomvu wa mgomba na misumari yenye kutu kwenye chungu kikuukuu. Kila mama hapa anajua utomvu wa ndizi hautoki kwenye nguo, tunauchukia utoto mzima. Nilikaa nikafikiri, kitu kisichotoka kwenye nguo kwa nini kitoke kwenye mti? Mara tatu chungu na jua, halafu nta ya nyuki. Weusi wa kuiva, siyo wa kupakwa. Hakuna aliyenifundisha. Nimejifunza kwa kuharibu.

Chini ya kila kete nimetoboa nikazika nati za baiskeli ili isianguke ovyo. Juu yake kitambaa cha sufu cha kijani, koti la marehemu mume wangu. Lilikuwa linaning'inia tu. Sasa linagusa ubao mara mia mbili hamsini na sita. Angelalamika, halafu angewaambia watu wote.

Jumanne, 8 Julai

Kaisho tena. Mimi na Ma Adelina tu.

Nilikuwa na hofu hii: farasi ni wa Mwalimu, lazima arudi shuleni. Mzee anangoja ng'ombe wake. Siwezi kuwa na mmoja kwa wawili. Kwa hiyo nilimwomba Anselmi amchongee mzee ng'ombe wa kweli, wa kwetu, kutoka mti ule ule, pembe ndefu zimepinda juu. Kando yake nikaweka mmoja wa wale ndama wanne wa kwanza. Paji pana, pua nene. Niliwahi kumpigia kelele huyo ndama.

Nikamweleza mzee kila kitu. Kwamba yule wa kwanza ni farasi wa mchezo, ni wa shule, na Ma Adelina hakujua. Ma Adelina alinikata jicho lakini nikamaliza.

Mzee akawaweka mama na ndama wake kwenye kitambaa. Akawatazama sana. Kisha akamwinamia Ma Adelina kama anampa siri.

"Mkwe, sasa naweza kusema. Yule wa kwanza hakuwa na pembe. Nimekuwa nikiona aibu kuuliza."

Ma Adelina kacheka mpaka kitenge kikalegea. Harusi iko palepale. Zizi la mzee limeongezeka. Nami nimerudi na farasi kwenye pochi, halali.

Jumatano, 9 Julai

Nimefikisha. Seti nane, masanduku manane, bodaboda mbili. Kamati walikuwa watano.

Yule aliyeuliza habari za tendegu alitoa rula. Vizuri. Nilitaka rula. Mfalme tisa na nusu. Malkia nane na nusu. Askofu saba, farasi sita, ngome tano na nusu, askari tano. Akapima wa sanduku la kwanza, akapima wa sanduku la sita, akarudi la tatu. Sawa. Nikamwambia achukue askari wanne awasimamishe ndani ya mraba mmoja wa ubao. Wakaingia wanne, wamegusana, hakuna aliyevuka mstari. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Alimwinamisha mfalme kwa kidole, mfalme akarudi kusimama kwa uzito wake. Akamwinamisha tena. Alikuwa anacheza, nilimwona.

Mwalimu Projestus alipokea farasi wake kwa mikono miwili. Akamweka katikati ya farasi wangu wanne, akafumba macho, akawachanganya, akafumbua. Alichelewa kidogo kumtambua. Kidogo. Nimekipata nilichokuwa nataka, hapo hapo, ila hakiandikiki kwenye barua ya kamati.

Maana kamati wakasema nini? "Tumepokea, mama. Tutaangalia."

Tutaangalia! Macho yao yalikuwa yanafanya nini saa nzima?

Ijumaa, 11 Julai

Asubuhi ya ukungu. Nimekaa barazani na kahawa ya kutafuna. Mibuni niliyoikata imeanza kuchipua, vichipukizi viwili viwili kila kisiki. Anselmi kapita, kaniuliza kama kuna farasi wengine. Nikamwambia bado, lakini asinoe kisu kwa kazi nyingine. Kacheka akaenda.

Ndama watatu waliobaki wako dirishani. Ma Adelina anawageuzia nje asubuhi wakachunge.

Sina hasira leo. Ninajua nilichotengeneza. Wakikataa, kuna shule nyingine, na mibuni mizee haijaisha Ihanda. Lakini sitaki kukaa kwenye "tutaangalia" kama mtu aliyeachwa stendi. Nimeandika ujumbe, nimefuta maneno ya kubembeleza, nimebakiza haya, na nimeutuma kabla sijabadili mawazo:

Mwalimu, salamu. Vipimo mmeviona. Kete zangu zitachezewa mashindano, au hazitachezewa? Naomba neno moja, ndiyo au hapana, leo kabla ya saa kumi alasiri.